Kamati ya Kusema Asante

Kwetu Mbumbuni huwezi kumwambia mtu asante bila kamati. Nilikuwa sijui. Nilidhani asante ni neno la mdomo tu, mtu akikufaa unamwambia, naye anasema haya, kisha kila mmoja anaenda kutafuta mboga ya jioni. Kumbe nilikuwa mshamba.

Mimi nina mashine ya kukoboa mahindi. Iko kwenye kibanda cha mabati nyuma ya soko, na kazi yake ni kuyavua mahindi ganda ili yawe muthokoi, chakula ambacho Mkamba akikaa wiki nzima bila kukila huanza kulaumu watu wa nyumbani kwake. Mteja anakuja na debe lake la mahindi, anayanyunyizia maji kidogo ili ganda lilegee, anasubiri zamu, halafu anarudi na punje nyeupe za kupika na maharagwe. Wateja wangu ni akina mama. Mwanamume huja mara moja moja, mkewe akiwa amejifungua, na akija husimama mbali na mashine akishika simu sikioni hata kama hakuna anayeongea naye. Kwa sababu ya kazi hii hakuna anayeniita kwa jina langu tena. Mimi ni Mama Mashine, hata kanisani.

Mwaka ninaousimulia, mota iliungua wakati wa palizi. Fundi alikuja kutoka Makindu, akaifungua, akaitazama kwa huzuni nyingi, akatikisa kichwa, akaibeba. "Wiki ijayo, mama," akasema. Wiki ijayo ya fundi nimeijua vizuri sasa. Haifiki, lakini pia haikatai kuja, kwa hiyo huwezi hata kugombana nayo. Mahindi yalitoa mbelewele, yakakomaa, yakakauka, yakavunwa, na mimi bado naambiwa wiki ijayo.

Wakati huohuo, upande wa pili wa soko, kijana mmoja akafungua mashine mpya ya rangi ya kijani. Ilikuwa na redio kubwa mlangoni, na kila aliyekoboa alipewa kikombe cha plastiki. Niliposikia habari ya kikombe nilijua nimekwisha. Mimi sina ng'ombe wala shamba la maembe. Karo ya watoto, chumvi, mafuta, kila kitu kilitoka kwenye kile kibanda. Nilikaa ndani na mashine isiyo na mota, nikalia, na sioni haya kulisema.

Lakini wateja wangu hawakwenda kwa kijana. Hilo ndilo jambo lililonishangaza. Walitoa vinu vyao vya zamani, ambavyo kuku walikuwa wameshavizoea kama vyumba vyao, wakavisugua, wakaanza kutwanga. Ukipita vijijini asubuhi ulisikia mchi kila boma. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja mzee tuliyemwita Susu, ambalo ndilo neno letu la nyanya. Alikuwa ndiye kiongozi wa chama cha akina mama upande wa mtoni, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Kila nikipita kwake alikuwa kwenye kinu.

"Mota imepona?" alikuwa akiniuliza.

"Bado, Susu."

"Sawa." Na mchi unapanda tena.

Nilikuwa nikiondoka pale nimeinama kwa aibu na furaha pamoja. Watu wanatwanga kwa mikono msimu mzima wakati mashine yenye redio na kikombe iko palepale sokoni. Nikajiambia mota ikirudi, hawa nitawashukuru vizuri, maana wasiposhukuriwa watachoka, na wakichoka nitabaki na mabati.

Mota ikarudi. Mpango wangu ulikuwa mdogo: Jumamosi moja, sufuria kubwa ya chai, mandazi, na kila mama kukobolewa debe moja bila malipo. Nilimwambia mume wangu peke yake. Mume wangu alimwambia Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mwalimu zamani. Tangu astaafu yeye ni mwenyekiti. Ni mwenyekiti wa matanga yote, wa mradi wa maji, na wa josho la ng'ombe ambalo halijaona dawa tangu watoto wangu wazaliwe. Alikuja nyumbani jioni ileile na kofia yake ya mikutano.

"Mama Mashine, nasikia uko na function."

"Sina function, Mwalimu. Niko na chai."

"Chai ya watu wangapi?"

"Ya wateja wangu tu."

"Hiyo ni function," akasema, akavuta kiti. "Na function haiwezi kuendeshwa hivi hivi. Watu watatucheka."

Kabla sijapata la kujibu kamati ilikuwa imezaliwa. Mwalimu mwenyekiti, karani wa kanisa katibu, mwenye duka la dawa za mifugo mweka hazina, na mwanamume mmoja mwenye pikipiki mbovu akawa msimamizi wa usafiri, ingawa wateja wangu wote huja kwa miguu. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kunyunyizia mahindi maji. Mke wa Mwalimu ndiye aliyekuwa mteja wangu, lakini yeye hakuingizwa. Mimi niliingizwa, kama mwanachama wa kawaida.

Kamati ilikutana kwangu. Mkutano wa kwanza ulimaliza sukari niliyonunua kwa ajili ya wateja. Mkutano wa pili uliamua chai haitoshi, kuwe na hema, viti, vipaza sauti, na mgeni wa heshima. Mkutano wa tatu ulimchagua mgeni wa heshima na kumla jogoo wangu, katika utaratibu ambao siukumbuki vizuri.

Mgeni mwenyewe alikuwa kontrakta wa huku anayeishi Nairobi, na ambaye siku akirudi hupenda kuonekana kwenye kituo cha Malili akinunulia watu soda. Hakuwahi kuchaguliwa kwa kiti chochote, lakini tangu achapishe uso wake kwenye miavuli ya bodaboda watu walikuwa wakimwita Mheshimiwa. Watu wa kwetu hawapendi kuchelewa, wanaheshimu mapema.

"Na Mheshimiwa atakula nini?" katibu akauliza.

"Si muthokoi," nikasema. "Ni siku ya muthokoi."

Walinitazama kwa huruma. Mwalimu akashusha sauti. "Mama Mashine, Mheshimiwa ako na tumbo mbaya. Hawezi kula hizo vitu. Tuweke pilau na chapati, na mbuzi moja. Wewe si uko na mbuzi?"

Nilikuwa na mbuzi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mimi nilishavua mpaka kilemba.

"Na nani atapika?" nikauliza.

Wanaume wanne wakatazama dari, ambayo kwangu ni mabati tu. Mwishowe katibu akasema, "Si kuna wamama?"

"Wamama gani?"

"Hao wateja wako."

"Hao ndio wageni. Hao ndio tunashukuru."

"Ndio maana," Mwalimu akasema, na akaliona wazo kuwa zuri kadiri alivyoendelea kulisema. "Lazima washirikishwe. Ni heshima kwao. Wakuje mapema, kila mtu na kisu yake na mtungi ya maji na kuni kidogo. Halafu wakimaliza kupika wavae leso zinafanana, waimbe ya kupokea mgeni."

Nilitaka kusema jambo. Mume wangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Ukitaka kujua kwa nini sikusema, muulize mwanamke yeyote wa kwetu aliyewahi kukanyagwa mguu mbele ya wageni.

Jumamosi ilifika. Akina mama walikuja alfajiri na visu na mitungi na kuni, Susu mbele, na hakuna aliyeuliza neno. Waliwasha mafiga nyuma ya kibanda, pale ninapomwaga pumba. Mbele, vijana walifunga hema jeupe na kupanga viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa na kufungwa utepe wa zambarau kiunoni. Meza kuu ilikuwa na maua ya bandia na maji ya chupa. Kibanda changu kilifunikwa kwa kitambaa kisionekane, kwa sababu mweka hazina alisema kilikuwa kinaharibu picha. Basi mashine iliyosababisha yote ikakaa gizani siku nzima.

Mgeni aliahidi kufika saa nne. Kila gari likisikika kwenye kona, Mwalimu alipiga filimbi, na akina mama wakaacha vitunguu, wakafuta mikono, wakakimbia barabarani na leso zao kuimba. Gari la kwanza lilikuwa la daktari wa mifugo, ambaye alipita akiwa amepandisha kioo. La pili lilikuwa lori la mchanga. La tatu lilikuwa la mkate.

Yule dereva wa mkate alisimama. Aliona wanawake waliovaa leso za kufanana wakimwimbia kwa vigelegele, na mmoja wao amebeba shada, na akaamini. Akashuka, akainamisha kichwa, akavishwa, akacheza kidogo, tena vizuri. Alisema kwa miaka yote ya kuleta mkate Mbumbuni hakujua anapendwa hivyo, na akafungua mlango wa nyuma akatoa mikate kadhaa bila kuulizwa. Mwalimu alikuja mbio kumvua lile shada, kwa sababu lilikuwa moja tu. Yule mtu aliondoka taratibu akitazama kwenye kioo. Nikikumbuka siku ile, huyo ndiye mtu pekee aliyeshukuriwa sawasawa.

Mheshimiwa alifika jua likiwa limeshainama. Aliimbiwa kwa sauti zilizokauka. Alikula kwanza, ndani ya hema, na kamati nzima ilikula naye ili asijisikie mpweke. Halafu zikaja hotuba. Mwalimu aliitambulisha kamati, mtu mmoja mmoja, na kila aliyetambulishwa akasema maneno machache ambayo hayakuwa machache. Mheshimiwa alizungumza juu ya barabara, vijana, na wapinzani wake. Alinipongeza kwa mashine yangu ya kusaga unga. Hakuna aliyemsahihisha. Kisha akapewa cheti kilichowekwa kwenye fremu, cha kutambua mchango wake katika kuinua muthokoi, na akapigiwa makofi kwa utaratibu tunaouita makofi ya kilo.

"Sasa," mshereheshaji akasema, "mwenye shughuli aje atusalimie, dakika mbili tu, kwa sababu ya muda."

Nikasimama na kipaza sauti. Nilikuwa nimeyabeba maneno yale tangu mota ilipokuwa Makindu. Nikatazama hema ili niwaone wateja wangu. Safu ya mbele ilikuwa ya kamati. Nyuma yao walikaa wanaume wa pale wanapocheza bao, na nyuma yao vijana waliovutwa na harufu ya pilau. Sikuona leso hata moja. Kisha nikasikia, nyuma ya kibanda, sufuria zikisuguliwa.

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa moto. Nikaanza kutembea. Nilizunguka meza kuu, nikapita kando ya kibanda, na pale kwenye kona waya ikanivuta mkono.

"Mama, rudi hapa mbele, waya imeisha," mshereheshaji akasema, amekumbatia spika isianguke.

Nikakiweka kipaza sauti juu ya jiwe, nikaenda bila chochote.

Akina mama walikuwa wamechuchumaa kwenye maji ya sabuni. Susu alikuwa na sufuria ya pilau katikati ya miguu, anaisugua kwa jivu. Hakuna kati yao aliyekuwa amekula isipokuwa ukoko, na ile mikate ya dereva. Maneno yangu yote yalinitoka kichwani.

"Susu," nikasema, "muvea. Nyinyi wote, asanteni. Mlitwanga msimu mzima kwa ajili yangu."

Susu aliacha kusugua. "Nani alikuambia tulitwanga kwa ajili yako?"

Nikajifanya naangalia sufuria.

"Ile mashine ya huyo kijana inavunja mahindi," akasema. "Unaenda na mahindi, unarudi na chenga. Mzee wangu hana hata jino moja, lakini ukimwekea chenga anajua."

Wenzake walicheka wakitazama maji. Mimi nilisimama pale na nguo yangu mpya, nikahisi mbuzi, jogoo na sukari vyote vinanipungia mkono kwa mbali. Nilikuwa nimeumia, nisiseme uongo. Mtu hujenga hadithi ya kupendwa, akaifungia hema, halafu anaambiwa ni habari ya chenga.

Susu akakung'uta jivu mikononi. "Lakini kama ungekuwa mtu mbaya," akasema, "tungekula hiyo chenga."

Akarudi kusugua. Hapo ndipo nilipolia, na safari hii sikujificha. Nikafuta macho nikawaambia kuanzia Jumatatu kila mmoja atakobolewa debe moja bure.

"Bure tutafanya nini nayo?" Susu akasema. "Ukikoboa bure utafunga, na sisi turudi kwa kinu. Wewe lipisha. Lakini miaka yote tunasimama hapo kwa jua, mtu na debe kwa kichwa, mwingine na mtoto kwa mgongo. Leo umejaza viti hapa kama ya arusi na hakuna mtu yetu amekalia hata moja. Tuwekee mahali ya kukaa. Hiyo tu."

Kutoka mbele nilisikia mchungaji akianza maombi ya kufunga. Mchungaji wetu ni mtu wa Mungu kweli, na akiombea biashara huanzia bustani ya Edeni. Watu wote walikuwa wamesimama, vichwa chini, macho yamefungwa. Nikawaangalia wale akina mama, na wao wakaniangalia, na nadhani tuliliona wazo lilelile kwa wakati mmoja.

Nilianza na meza kuu. Nilichukua kiti cha Mwalimu, na cha katibu, na cha mweka hazina, kimya kimya, viwili viwili. Mke wa Mwalimu alinifuata akachukua vingine. Mchungaji alipofika kwa Yusufu na ghala za Misri tulikuwa tumemaliza safu ya mbele. Kiti cha Mheshimiwa sikukigusa, kwa sababu hata mimi nina adabu, na tena alikuwa amekishika kwa mkono. Waliposema amina na kuketi, Mwalimu aliketi kwenye nyasi. Hakuumia. Tulimsikia akiuliza kwa Kiingereza nani anasimamia viti.

Nyuma ya kibanda akina mama walikuwa wamekaa. Mikono yao bado ilikuwa na sabuni, na viti vyao bado vilikuwa na utepe wa zambarau kiunoni. Hakuna aliyehutubu. Mmoja alivua viatu. Susu aliegemea taratibu, akipima kama kiti kitamshika, akafunga macho.

Jumapili, baada ya ibada, nilimtafuta seremala. Jumatatu nikafungua kibanda nikiwa na wasiwasi, maana nilikuwa nimesikia kijana wa mashine ya kijani ameacha vikombe na sasa anatoa ndoo. Ukutani upande wa kivuli kulikuwa na benchi refu la mbao, lisilopakwa hata rangi, na juu yake bati la kukinga jua.

Susu alikuwa wa kwanza. Aliweka debe chini, akalitazama benchi, akakaa, akasogea huku na huku.

"Halina mgongo," akasema.

"Nitaongeza, Susu."

"Ongeza."

Wengine wakaja, wakajibana, benchi likajaa, na mashine ikaanza kunguruma. Zamu ya Susu ilipofika aliinuka kuniletea mahindi. Mwalimu alikuwa amefika wakati huo na gazeti lake na kofia ya mikutano, kwa ajili ya kikao cha kamati cha kutathmini shughuli. Aliona nafasi wazi kivulini, akaketi, akafungua gazeti, akaanza kusubiri chai.

Susu alirudi akasimama mbele yake na debe tupu mkononi.

"Mwalimu, umeleta mahindi?"

"Hapana, mwaitu, mama yangu. Nimekuja kwa mkutano."

"Basi simama," Susu akasema. "Hapa ni pa wateja."

Mwalimu akakunja gazeti, akasimama.